Alick Isaacs na Majimaji Yaliyostahili Kupimwa

Mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hana budi kukutana siku moja na jambo hili: amefanya jaribio mbele ya darasa, na matokeo hayalingani na yale yaliyoandikwa kitabuni. Wanafunzi wanatazamana, na mwalimu anaona haya. Aghalabu humwaga kila kitu, akaandika ubaoni jibu la kitabu, na kipindi kikaisha. Makala haya yanaeleza maisha ya mtu aliyekutwa na jambo kama hilo, naye hakumwaga. Jina lake ni Alick Isaacs.

Isaacs alizaliwa tarehe 17 Julai 1921 katika mji wa Glasgow, Uskoti, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akahitimu mwaka 1944. Hata hivyo, moyo wake haukuvutwa na kazi ya kutibu wagonjwa wodini. Alipenda kujua viini vya maradhi hufanyaje kazi, na miongoni mwa viini hivyo alivutiwa hasa na virusi vya influenza, yaani mafua makali yanayoenea kwa kasi.

Mwaka 1948 alikwenda Melbourne, Australia, kufanya utafiti chini ya Macfarlane Burnet, bingwa wa kukuza virusi vya influenza ndani ya mayai ya kuku. Inafaa msomaji akumbuke kwamba kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Sharti kiingie katika seli iliyo hai. Ndiyo maana yai lenye kiinitete lilipendwa sana na watafiti: ni chombo safi kilichofungwa na ganda, na ndani yake mna seli hai tele. Chini ya ganda hutanda utando wenye mishipa mingi ya damu, ambao kifaranga huutumia kupumua kabla hajaanguliwa. Katika utando huo virusi vya influenza huweza kukua.

Isaacs alirudi Uingereza akaajiriwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, iliyokuwa Mill Hill, London. Huko alikabidhiwa kituo cha kimataifa cha influenza, kilichopokea virusi kutoka nchi nyingi ili vichunguzwe na kulinganishwa.

Wakati huo wataalamu walikuwa na fumbo lisilotatuliwa. Mnyama aliyeambukizwa kirusi cha aina moja mara nyingine hakudhuriwa na kirusi cha aina nyingine. Mwaka 1937, Findlay na MacCallum walionyesha kwamba virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa kwanza nchini Kenya karibu na Ziwa Naivasha, viliweza kuwakinga nyani dhidi ya homa ya manjano. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba hata virusi vya influenza vilivyokwisha kuharibiwa kwa joto, visivyoweza kuzaliana tena, viliweza kuzuia virusi hai visikue katika seli za kiinitete cha kuku. Je, kitu kilichopoteza uwezo wa kuzaliana humzuiaje aliye mzima?

Mwaka 1956 alifika Mill Hill mtafiti kijana kutoka Uswisi, Jean Lindenmann. Katika mazungumzo yao walitambua kwamba fumbo hilo liliwasumbua wote wawili, wakaamua kulishughulikia pamoja. Swali walilojiuliza lilikuwa dogo: kirusi kilichoharibiwa kwa joto huingia ndani ya seli, au hubaki nje juu yake?

Hatua za jaribio lao zilikuwa rahisi kueleweka. Walichukua virusi vya influenza wakavipasha joto la nyuzi 56 za Sentigredi kwa muda wa saa moja. Walichukua mayai yaliyoatamiwa yapata siku kumi, wakatoa ule utando na kuukata vipande vidogo. Vipande hivyo walivitia katika mirija yenye maji ya chumvi pamoja na virusi vilivyopashwa joto, wakaviacha katika joto la mwili. Kisha wakavisafisha na kuvitia virusi hai. Kama ilivyotarajiwa, virusi hai havikukua vizuri. Katika vipande vingine, ambavyo havikupata kuguswa na virusi vilivyopashwa joto, virusi hai vilikua sana.

Mpaka hapo hapakuwa na jipya. Lakini ndani ya mirija yalibaki majimaji yaliyokuwa yamezunguka vipande vile vya kwanza. Mtu mwenye haraka angeyaona kuwa ni takataka za jaribio. Isaacs na Lindenmann waliyapima. Waliyatia katika vipande vipya vya utando, na baadaye wakatia virusi hai. Vipande hivyo vipya navyo vilikingwa!

Basi ndani ya majimaji mlikuwa na kitu. Yamkini kilikuwa mabaki tu ya vile virusi vya kwanza. Watafiti hawa hawakukimbilia kutangaza. Walijiuliza maswali ya kujipinga wenyewe. Virusi vya influenza hugandamanisha chembe nyekundu za damu. Kitu hiki hakikufanya hivyo. Dawa ya kinga inayozima virusi vya influenza haikukizima. Tena hakikuwapo tangu mwanzo: kilianza kuonekana katika utando baada ya saa tatu hivi, kisha kikatoka polepole na kuingia katika majimaji. Kwa hiyo hakikuletwa na virusi. Kilitengenezwa na seli zenyewe. Walikiita interferoni, kwa kuwa huingilia kati na kuzuia ukuaji wa virusi, wakatangaza habari zake mwaka 1957.

Leo tunafahamu zaidi. Seli iliyoingiliwa na kirusi hutambua kitu kigeni ndani yake, ikatoa interferoni kama mbiu ya mgambo. Seli za jirani huipokea mbiu hiyo, zikajiandaa kuzuia virusi visizaliane. Joto lile la nyuzi 56 liliviondolea virusi uwezo wa kuzaliana, lakini halikuziondolea seli uwezo wa kuvitambua.

Ugunduzi huo haukupokelewa na wote kwa furaha. Kiasi cha interferoni kilichopatikana kilikuwa kidogo mno, na kuisafisha ilikuwa kazi ngumu. Wapo waliokejeli kwamba ni makosa ya kusoma matokeo yaliyopewa jina la kisayansi. Kwa upande mwingine, magazeti yaliitangaza kama dawa ya kila ugonjwa wa virusi. Mwaka 1962 majaribio ya kwanza kwa binadamu yalitia moyo. Mwaka 1965 majaribio juu ya mafua ya kawaida hayakufaulu. Isaacs alibanwa kati ya kejeli na matumaini makubwa. Alipatwa na vipindi vya huzuni kuu iliyohitaji matibabu, na mwaka 1964 akavuja damu katika ubongo. Mwaka 1966 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mwanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 26 Januari 1967, akiwa na umri wa miaka 45. Hakuona interferoni ikisafishwa kikamilifu, wala haikuwa dawa rasmi hadi miaka ya 1980, ilipoanza kutumika kwa baadhi ya saratani na baadaye kwa homa ya ini.

Mwalimu mwanafunzi ajifunze nini? Kwanza, swali lao la awali, kama kirusi huingia ndani au hubaki nje, halikujibiwa na jaribio lile. Walipata jibu la swali ambalo hawakuliuliza. Kwa hiyo matokeo yasiyotarajiwa yaandikwe daftarini kabla ya kuitwa makosa. Pili, daima walikuwa na vipande vya kulinganishia. Darasani, kama mbegu moja yanyimwa maji, nyingine ipewe, na mengine yote yawe sawa. Tatu, walilitilia shaka jibu lao kabla wengine hawajalitilia shaka. Mtoto anayeuliza umejuaje asinyamazishwe.

Somo lenyewe laweza kuanzia katika yai. Mwalimu achukue yai lililoatamiwa siku saba hivi, alishike mbele ya tochi katika chumba chenye giza, na wanafunzi wataona mishipa myekundu imetanda chini ya ganda. Yai lirudishwe upesi kwa mama yake, na mikono ioshwe kwa sabuni. Baada ya kutazama, wanafunzi wasimuliwe habari za Isaacs. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Naye Isaacs aliinama juu ya majimaji ambayo mwingine angeyamwaga.