Guido wa Arezzo, Mwalimu wa Waimbaji

Kila aimbaye do, re, mi ana deni kwa Guido, mtawa Mbenedikto wa Italia, aliyezaliwa yapata mwaka 991. Siku zile nyimbo za Kanisa zilishikwa kwa kusikia tu. Kijana aliweza kujifunza miaka 10, na bila mwalimu asiuweze wimbo mpya. Katika monasteri ya Pomposa, Guido akaziandika sauti juu ya mistari na katikati yake, jicho lipate kuona zinapopanda na kushuka. Watawa wenzake wakamwonea wivu. Akahamia Arezzo, Askofu Teodaldo akampokea, awafundishe waimbaji wa kanisa kuu. Kisha Papa Yohane XIX akamwita Roma, akakijaribu kitabu chake, na mara akaimba mstari ambao hajapata kuusikia.

Guido hakulipiza kisasi. Alimwandikia Ndugu Mikaeli, mtawa wa Pomposa ile ile, akamfunulia njia nyingine: ut, re, mi, fa, sol, la, silabi za wimbo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake huanza juu ya kilichotangulia. Baadaye ut ikageuzwa kuwa do.

Mwalimu mwema ni yule ambaye mwanafunzi wake aweza kuendelea hata asipokuwapo.