Gregor MacGregor: Mskoti aliyegawa kazi katika nchi isiyokuwepo

Kazi ya kufanya ukiwa nyumbani, malipo mazuri kila wiki, huhitaji cheti wala uzoefu. Unachotakiwa ni kutuma ada ya usajili tu. Ujumbe wa namna hii umeingia kwenye simu za watu wengi. Simu ni mpya, lakini mbinu yenyewe ni ya zamani. Miaka 200 iliyopita mtu mmoja aliitumia kwa vitabu na barua, na watu wasiopungua 180 wakapoteza maisha.

Jenerali wa kweli

Gregor MacGregor alizaliwa Scotland mwaka 1786. Alijiunga na jeshi la Uingereza akiwa na miaka 16, na mwaka 1812 akaenda Venezuela kupigania uhuru wa nchi hiyo kutoka kwa Uhispania. Huko alipanda hadi cheo cha jenerali, akamwoa Josefa Lovera, ndugu wa kiongozi wa mapambano hayo, Simón Bolívar. Hayo yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyofanya uongo wake wa baadaye uaminike.

Mwaka 1820 mfalme wa Pwani ya Mosquito, Amerika ya Kati, alimpa hati ya ardhi ya takriban ekari milioni 8. Eneo hilo leo liko Honduras. Wakati huo lilikuwa pori tupu. Lakini MacGregor alipofika London mwaka uliofuata, alitangaza kuwa ile ni nchi kamili iitwayo Poyais, na kwamba yeye ndiye mtawala wake.

Vyeo na noti za bandia

Kilitolewa kitabu cha kurasa zaidi ya 350 kuisifu Poyais. Mahindi, kilidai, huvunwa mara tatu kwa mwaka, na mito yake ina dhahabu. Ofisi zilifunguliwa London, Edinburgh na Glasgow. Ekari moja iliuzwa shilingi mbili na peni tatu, kisha bei ikapandishwa hadi shilingi nne. Kila ilipopanda, watu walikimbilia kununua wakihofia kuchelewa.

Wengine walivutwa na ajira. Mfanyakazi wa benki aliahidiwa kuongoza benki ya taifa. Fundi viatu wa Edinburgh aliambiwa atamtengenezea viatu mke wa mtawala. Vijana walinunua vyeo vya jeshi. Kabla ya kuondoka, wasafiri walikabidhi pauni zao wakapewa dola za Poyais, noti zilizochapishwa kwa agizo la MacGregor.

Meli ya kwanza iliondoka Septemba 1822 na watu 70 hivi. Ya pili iling'oa nanga Januari 1823 ikiwa na karibu 200. MacGregor alipanda melini kuwaaga, akatangaza kuwa wanawake na watoto watasafiri bure. Walimshangilia.

Walichokikuta

Hapakuwa na mji, benki wala ofisi. Palikuwa na msitu. Mvua zilipoanza, homa ikawaangusha mmoja baada ya mwingine. Yule fundi viatu, aliyekuwa ameacha familia yake nyumbani, alijiua. Walionusurika waliokolewa na meli kutoka Belize, na wengi wakafia huko. Kati ya watu 250 hivi, waliorudi Uingereza hawakufika 50.

La kushangaza, baadhi ya waliorudi waliendelea kumtetea, wakiwalaumu wasaidizi wake. Ni vigumu mtu kukubali kwamba aliyemwamini kiasi hicho ndiye aliyemwibia.

MacGregor alihamia Ufaransa na kuanza upya. Safari hii maafisa walishangaa kuona watu wakiomba pasi za kwenda nchi wasiyoijua. Wakauliza, wakachunguza, wakaizuia meli kabla haijaondoka. Alishtakiwa, lakini mwaka 1826 mahakama ikamwachia. Alifariki Caracas mwaka 1845 akiwa analipwa pensheni ya jenerali, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Waliopoteza fedha zao hawakurudishiwa.

Hatua za kuchukua leo

Alichofanya MacGregor ndicho kinachofanywa kwa simu: kazi nono isiyohitaji ujuzi, nyaraka zenye mihuri, haraka, na malipo yanayotangulia kazi. Kwa hiyo:

Usitume fedha ili upewe kazi, iwe inaitwa ada ya fomu, ya mafunzo au ya vifaa. Mwajiri ndiye anayemlipa mfanyakazi.

Usimpe mtu namba yako ya siri ya simu au ya benki.

Tafuta namba ya kampuni mwenyewe, usitumie ile iliyo kwenye ujumbe, kisha piga uulize kama kazi ipo.

Ukiambiwa nafasi zinaisha leo, subiri hadi kesho na umwonyeshe mtu mwingine ujumbe huo kwanza.

Kama tayari umetuma, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako, kisha utoe taarifa polisi. Ukinyamaza kwa aibu, tapeli atahamia kwa jirani yako, kama MacGregor alivyohamia Ufaransa.