Ulysses Grant: Jenerali aliyeshinda vita, akaja kuangushwa na sahihi yake

Kama umewahi kushika noti ya dola 50 ya Marekani, au umeiona tu pale duka la kubadilishia fedha, yule mzee mwenye ndevu ndiye Ulysses S. Grant. Wengi wanamjua kwa vita. Mimi nataka niwape ile sehemu ya maisha yake inayomhusu kila mtu anayetaka kufungua biashara na mshikaji wake.

Vita tuipitie haraka. Grant alizaliwa mwaka 1822 huko Ohio. Kabla ya vita alijaribu kilimo na biashara, kote akachemsha. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipolipuka akapanda cheo mpaka akawa mkuu wa majeshi ya Kaskazini, na Aprili 1865 Jenerali Lee wa Kusini akasalimu amri mbele yake. Akawa Rais kuanzia 1869 hadi 1877, kisha akazunguka dunia na mkewe Julia kwa zaidi ya miaka miwili, akipokelewa na wafalme.

Aliporudi hakuwa na kipato cha maana. Miaka ile rais mstaafu wa Marekani hakuwa na pensheni (ilianza mwaka 1958), na ile ya jeshi aliipoteza alipoacha cheo chake ili awe Rais. Mzee akahamia New York kutafuta riziki.

Hapo ndipo anaingia kijana mmoja, Ferdinand Ward. Mtanashati, ana maneno matamu, na Wall Street walimwona ana akili ya fedha kuliko kawaida. Alikuwa amefungua biashara ya fedha na Buck, mtoto wa Grant, ikaitwa Grant & Ward. Mzee naye akaingia kama mbia, akaweka dola 100,000. Mbia wa nne alikuwa James Fish, mkuu wa benki iliyoitwa Marine.

Sasa hapa sheria isome vizuri, maana ndipo mzee alipoingizwa mjini. Grant & Ward haikuwa kampuni ya hisa. Ilikuwa ubia. Kwenye kampuni yenye dhima ya ukomo, biashara ikifa unapoteza kile ulichoweka, basi, nyumba yako inabaki. Kwenye ubia wa kawaida hakuna ukuta kati ya biashara na nyumbani kwako. Na kuna kingine kibaya zaidi: kila mbia ni wakala wa wenzake. Mwenzako akikopa kwa jina la biashara, katika shughuli za biashara, ni kama umekopa wewe, hata kama ulikuwa umelala. Na sheria hii siyo ya Wamarekani tu. Imetoka Uingereza, ikafika kwetu kupitia India wakati wa ukoloni, na Tanzania mpaka leo ubia na uwakala vimo ndani ya Sheria ya Mikataba.

Kinachouma ni kwamba New York ilikuwa na sheria ya kumlinda mbia anayeweka mtaji tu bila kuendesha biashara. Ilipitishwa mwaka 1822, mwaka uleule aliozaliwa Grant. Lakini ilitaka uandikishe ubia wako kwa namna hiyo. Mzee alikuwa mbia kamili.

Na kazi yake pale ofisini ilikuwa nini? Kusaini. Ward anamletea karatasi, mzee anamwaga wino bila kusoma, anawasha sigara yake. Vitabu vya hesabu alishika Ward. Grant alishasema wazi kwamba biashara yao isiguse mikataba ya serikali, kwa sababu aliona si heshima kwa mtu aliyekuwa Rais. Ward kwa nyuma akawanong'oneza wawekezaji kwamba faida yote inatokana na mikataba hiyohiyo, na kwamba Grant ndiye anayeipata!

Mikataba haikuwepo. Faida aliyokuwa anagawa ilikuwa pesa ya walioingia baadaye, yaani upatu mtupu. Wale wa DECI ya mwaka 2009 wananielewa. Juu ya hapo, hati moja ya dhamana alikuwa anaiweka rehani kwa wakopeshaji kadhaa kwa wakati mmoja.

Jumapili tarehe 4 Mei 1884 Ward akaja nyumbani kwa Grant. Benki ya Marine inayumba, inahitaji dola 150,000 haraka, kesho tu zitarudi. Mzee alikuwa anatembelea magongo baada ya kuteleza kwenye barafu, lakini akajikongoja mpaka kwa tajiri William Vanderbilt. Vanderbilt akamwambia kuwa benki hiyo haimhusu kabisa, ila kwa heshima ya Grant mwenyewe atatoa. Akaandika hundi. Jumanne benki ikafunga milango na Grant & Ward ikafa siku hiyohiyo. Madeni yalizidi dola milioni 16, mali zilizokutwa hazikufika dola 70,000.

Vanderbilt alikuwa tayari kumsamehe. Grant akakataa, akamkabidhi nyumba, mashamba, mpaka panga na medali zake za vita. Fish na Ward wote wawili walifungwa.

Miezi michache baadaye koo likaanza kumuuma. Saratani. Na sasa ana deni na mke ambaye hatakuwa na kitu. Akaanza kuandika kumbukumbu zake za vita. Mwandishi Mark Twain akamwendea na ofa ambayo wachapishaji wengine hawakuifikia: asilimia 70 ya faida. Grant akaandika akiwa amefunikwa mablanketi, sauti imekwisha, akawa anawasiliana kwa vikaratasi. Akamaliza siku chache tu kabla ya kufa, tarehe 23 Julai 1885. Februari 1886 Julia alipokea hundi ya kwanza ya dola 200,000, na jumla alipata zaidi ya dola 400,000.

Na yule Mark Twain je? Nyumba yake ya uchapishaji, Charles L. Webster & Co., nayo ilikuwa ubia. Ilifilisika Aprili 1894 na wadai wakamgeukia yeye. Ikabidi azunguke Australia, India mpaka Afrika Kusini akitoa mihadhara kwa viingilio, na deni la mwisho alilimaliza mwaka 1898.