Wangila: Dhahabu ya Seoul iliyozimika Las Vegas

ZAIDI ya miaka 30 imepita tangu Robert Napunyi Wangila afariki dunia katika jiji la kamari la Las Vegas, Marekani, akiwa na umri wa miaka 26. Hadi leo yeye ndiye Mkenya wa pekee aliyepata kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika ndondi.

Wangila alizaliwa Nairobi mnamo Septemba 3, 1967, na kukua katika kipindi ambacho ndondi zilikuwa fahari ya taifa. Philip Waruinge alikuwa amerejea kutoka Mexico mwaka 1968 na medali ya shaba, pamoja na tuzo ya Val Barker ambayo hupewa mwanandondi aliyewapita wenzake wote kwa ufundi. Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alijinyakulia fedha. Mwaka 1978 Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Belgrade. Kilichokuwa kikikosekana ni dhahabu ya Olimpiki, na Kenya ilikuwa imesusia michezo ya 1976 na ya 1980.

Dhahabu hiyo ilipatikana Seoul, Korea Kusini, mwaka 1988. Kenya ilizoa dhahabu tano katika michezo hiyo. Paul Ereng alishinda mbio za mita 800 na Peter Rono zile za mita 1,500. Wawili wengine walikuwa wazaliwa wa Nyahururu, mji wa nyanda za juu ulio magharibi ya Mlima Kenya: John Ngugi katika mita 5,000, na Julius Kariuki katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Ya tano haikutokana na miguu bali na ngumi.

Wangila alipigana katika uzani wa welta. Alifika fainali bila ya kutoa jasho katika nusu fainali, kwa kuwa mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, alishindwa kupanda ulingoni. Katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, ambaye wengi walimwona kuwa fundi zaidi. Raundi ya pili ilikuwa bado changa Wangila alipomwangusha kwa konde zito, na Mfaransa hakuweza kuendelea. Mkenya huyo akawa mwanandondi wa kwanza mweusi kuliletea taifa la Kiafrika dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka uliofuata aliingia katika ndondi za kulipwa nchini Marekani. Uamuzi huo haukuwa wa ajabu, maana medali haikumlisha mtu, na fedha za ndondi zilikuwa ng'ambo. Nyingi kati ya hizo zilikuwa Las Vegas, ambako hoteli za kasino ziligharimia mapigano ili kuwavuta wacheza kamari. Mapato makubwa ya hoteli hayakutoka kwenye tikiti za ulingoni, bali kwenye meza za kamari ambazo watazamaji walizipitia wakiingia na kutoka.

Lakini mchezo aliouingia haukuwa ule aliouacha. Seoul alivaa kinga ya kichwa na pigano lilikuwa la raundi tatu za dakika tatu, yaani dakika tisa tu. Katika ndondi za kulipwa hapakuwa na kinga ya kichwa, na anayeianza raundi ya tisa huwa amekwisha kupigana kwa dakika 24. Wangila alishinda mapigano zaidi ya 20, mengi kwa kuwaangusha wapinzani, lakini taji la dunia halikumfikia. Boudouani, aliyelazwa sakafuni Seoul, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1996.

Mnamo Ijumaa, Julai 22, 1994, Wangila alipambana na David Gonzales katika hoteli ya Aladdin. Alipigwa makonde mengi ya kichwa, na katika raundi ya tisa refa Joe Cortez akalisimamisha pigano. Wangila alilalamika. Aliamini angali na nguvu za kuendelea, na alishuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe. Muda mfupi baadaye alizirai, akapelekwa hospitalini akiwa hajitambui. Jumapili, Julai 24, akakata roho.

Malalamiko yake kwa refa ndiyo yanayosikitisha zaidi katika mkasa huu. Ubongo unapotikiswa na makonde, mishipa midogo ya damu iliyo kati yake na fuvu yaweza kuchanika. Damu huvuja polepole na kuubana ubongo, huku majeruhi akiweza kusimama na hata kubishana kwa muda kabla ya kuanguka. Kwa hiyo neno la mwanandondi kwamba yu mzima haliwezi kuwa ushahidi wa uzima wake. Ushupavu uliompatia Wangila dhahabu ndio uliomfanya aamini kuwa refa amemdhulumu, ilhali huenda konde lililomuua lilikuwa limekwisha kutua.

Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Novemba 1982, katika hoteli ya Caesars Palace jijini humo humo, Mkorea Duk Koo Kim alipata jeraha la kichwa alipopigana na Ray Mancini, na akafariki siku chache baadaye. Kufuatia kifo hicho, Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lilipunguza raundi za mapigano ya ubingwa kutoka 15 hadi 12. Mei 1995, hata mwaka haujatimia tangu Wangila azikwe, Jimmy Garcia wa Colombia naye alifariki baada ya kupigana katika hoteli hiyo ya Caesars Palace.

Nyumbani Kenya, msiba wa Wangila ulizua mvutano kuhusu mazishi, kati ya waliosema kuwa alikuwa amesilimu na jamaa waliotaka azikwe Kikristo. Miaka 17 baadaye Nyahururu nayo ilionja uchungu wa aina hiyo. Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika marathoni, alifariki Mei 2011 akiwa na umri wa miaka 24, na mazishi yake yakacheleweshwa na mzozo wa familia.

Hoteli ya Aladdin ambamo Wangila alipigana kwa mara ya mwisho ilibomolewa mwaka 1998 ili kupisha nyingine. Tangu Seoul, Kenya imeshiriki Olimpiki nyingi na kurudi na dhahabu nyingi za riadha. Ya ndondi imebaki ile moja.