Yehudi Menuhin: mpiga violoni aliyeokoa mikono yake kwa mazoezi ya mwili

Mwezi wa Novemba 1927, mtoto wa miaka 11 alisimama katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York na kupiga konseto ya Beethoven, kazi ambayo hata watu wazima huiogopa. Jina lake Yehudi Menuhin. Kabla ya kufikisha miaka 13 alikwisha kupiga mjini Berlin, kwa usiku mmoja, Bach, Beethoven na Brahms. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalimwita mtoto wa ajabu. Miaka 20 baadaye, mkono wake wenyewe ulianza kumkatalia.

Menuhin alizaliwa New York tarehe 22 Aprili 1916, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliotoka Urusi, na alikulia San Francisco. Alipiga kwa kipaji tu, jinsi ndege anavyoruka bila kujua mabawa yake yanafanya nini. Mtu mmoja aliliona hilo mapema. Eugène Ysaÿe, fundi mkubwa wa violoni kutoka Ubelgiji, alimsikiliza Brussels, akamsifu, kisha akamwomba apige zoezi dogo la kupandisha na kushusha noti, lile ambalo kila mwanafunzi hulifanya asubuhi. Mtoto aliyeweza mambo magumu alianza kupapasa kwenye nyuzi. Ysaÿe alimshauri arudi kwenye mazoezi ya msingi. Menuhin alikwenda kwa mwalimu mwingine, George Enescu wa Rumania, ambaye alimlea katika muziki lakini si katika mambo ya misuli.

Violoni ni chombo chepesi, ila kinadai mengo mengi kutoka kwa mwili. Kinabanwa kati ya taya na bega la kushoto. Mkono wa kushoto unageuzwa nje na kubaki hivyo saa nzima, na ule wa kuume unabaki juu ukivuta upinde. Msuli unaokazwa muda mrefu bila kuachiliwa haupati damu ya kutosha, unachoka, kisha unauma. Mwenye kuumwa hukaza zaidi ili asikosee, na maumivu yanaongezeka. Mpiga gitaa anayekesha kwenye arusi anaijua hali hiyo bila kuelezwa na daktari.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Menuhin alitoa konsere zaidi ya 500 kwa ajili ya askari na majeruhi. Mwaka wa 1945 alikwenda pamoja na Benjamin Britten kupiga mbele ya watu walionusurika katika kambi ya Bergen-Belsen. Alirudi akiwa amechoka sana. Upinde haukumtii tena kama zamani, misuli ilikaza, usingizi ulikuwa shida. Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwahi kujua alikuwa anapigaje, na kitu usichokijua hakitengenezeki kinapoharibika. Akiwa na miaka zaidi ya 30, na jina kubwa duniani, alianza kujifunza upya jinsi ya kushika upinde.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna mtu wa muziki angetafuta. Mwaka wa 1951, akiwa New Zealand, aliokota kitabu kidogo cha yoga katika chumba cha kungojea cha mtu anayetibu viungo. Akaanza kujaribu peke yake. Mwaka uliofuata alialikwa India na Waziri Mkuu Nehru, naye Nehru alipomtaka aonyeshe alichojifunza, wote wawili wakajikuta wamesimama kwa kichwa, miguu juu.

Huko Bombay aliletewa B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga kutoka Poona, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto mgonjwa na aliponea kwenye mazoezi. Menuhin alikuwa na dakika 5 tu za kumpa. Iyengar hakumwonyesha ufundi wowote: alimlaza chini, akamfunga macho na masikio kwa vidole, na mgeni akalala usingizi mzito. Walikaa pamoja saa zaidi ya tatu. Mwaka wa 1954 Menuhin alimwita Gstaad, inchi ya Uswisi, akampa saa ya mkono iliyoandikwa mgongoni kwamba huyo ndiye mwalimu wake bora wa violoni. Iyengar hakujua kupiga violoni hata kidogo.

Somo lenyewe lilikuwa la kawaida: kunyoosha mgongo, kufungua kifua na mabega, kupumua taratibu, na kujua kulegeza msuli ambao hauna kazi kwa wakati huo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kusimama kwa kichwa ndiko kulikompa picha kwenye magazeti, lakini zoezi hilo linalemea shingo na halifai kuigwa bila mwalimu.

Mazoezi hayakumrudishia yote. Wasikilizaji wengi waliona kwamba siku nyingine upinde wake uliyumba, na kadiri miaka ilivyokwenda aliongoza orkestra zaidi kuliko kupiga. Hata hivyo alipiga hadharani kwa miaka mingine mingi, jambo ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1950 halikuwa hakika.

Mwaka wa 1963 alifungua shule ya watoto wa muziki Uingereza. Katika kitabu chake cha mafunzo sita ya violoni, somo la kwanza halina violoni: ni kupumua, kujinyoosha na kusimama sawasawa. Mwaka wa 1982 mjini Berlin, akiwa mzee, alisimama kwa kichwa mbele ya orkestra na kuongoza mwanzo wa simfoni ya tano ya Beethoven kwa miguu.

Alifariki Berlin tarehe 12 Machi 1999, akiwa na miaka 82, akazikwa katika kiwanja cha shule yake huko Surrey. Iyengar aliendelea kufundisha Poona, akafariki mwaka wa 2014 akiwa na miaka 95.