Joseph Thomson, msoma mawe aliyegeukia karibu na Busia

Ukishuka mwaloni Masese alfajiri, mashua zinapoingia, utasikia samaki mmoja akiitwa kwa majina matatu. Wenyeji wanasema mukene, mnunuzi wa Kisumu anasema omena, na yule wa Mwanza anasema dagaa. Bei ikishapatana, maongezi hugeukia mambo mengine, na siku hizi hayakosi kugusa udongo. Barabara ya Jinja kwenda Busia inapita jirani na Makuutu, wilayani Bugweri, ambako chini ya mashamba ya watu kuna udongo wa mfinyanzi wenye madini adimu, yale yanayotumika kutengeneza sumaku za magari ya umeme, mitambo ya upepo na spika za simu. Udongo huo unaenea hadi Bugiri na Mayuge. Leseni kubwa ya kuuchimba ilitolewa Januari 2024.

Mtu ninayemsimulia leo hakuwahi kusikia habari za madini hayo, wala hakufika Masese. Lakini kazi yake ilikuwa hii hii: kutazama mwamba katika nchi ya watu, kisha kuwaambia waliomtuma kama una mali au hauna. Safari moja alisema kweli, ikamharibia kazi. Safari nyingine alikosea, tena huku kwetu, Mlima Elgon.

Joseph Thomson alizaliwa Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, Scotland. Baba yake alikuwa fundi wa mawe, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye machimbo, nyundo mkononi. Akasoma jiolojia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1878, akiwa na miaka 20 tu, alichukuliwa kama msaidizi wa Keith Johnston katika msafara wa kutoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa na Tanganyika. Johnston aliugua kuhara damu na kufariki Behobeho katikati ya 1879, na kijana wa miaka 21 akabaki na msafara mzima mabegani.

Asingefika popote bila Chuma. Huyu ndiye yule Chuma aliyekuwa na Livingstone, mmoja wa waliobeba maiti ya mzee yule hadi pwani. Sasa alikuwa kiongozi wa wapagazi wa Thomson, na kama nionavyo mimi, nusu ya sifa za safari ile ni zake. Walifika Nyasa, wakafika Tanganyika, wakarudi pwani 1880.

Sifa zikamfikia Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja. Sultani alikuwa na meli za moshi, na meli za moshi hula makaa ya mawe, ambayo yalinunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Palikuwa na habari kwamba bara, upande wa mto Ruvuma, makaa yako. Mwaka 1881 akamwajiri Thomson aende akayaone, na Chuma akawa tena kiongozi wa msafara. Fikiria mzigo alioubeba kijana huyu. Tajiri amekwisha kupiga hesabu ya faida, na wewe unatumwa kwenda kuithibitisha.

Thomson alifika, akachimbua, akajaribu kuyachoma yale mawe meusi. Yalikuwa mwamba wa tabaka wenye lami kidogo, haufai tanuri la meli. Akarudi Unguja na kusema hakuna makaa. Sultani hakuridhika, na kazi ya Thomson kwake haikuendelea. Angeweza kusema huenda yako chini zaidi, aongezewe fedha na mwaka mwingine. Hakusema. Makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania yapo kweli, yanachimbwa leo Ngaka, wilaya ya Mbinga, lakini huko ni mbali magharibi, karibu na Ziwa Nyasa. Mahali alipotumwa hayakuwapo.

Safari iliyompa jina ni ya 1883. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtaka atafute njia fupi ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kwa kukata nchi ya Wamaasai, ambayo misafara mingi iliikwepa. Alitoka Mombasa Machi 1883 na wapagazi zaidi ya mia moja, pamoja na baharia wa Malta aliyejiita James Martin, hodari wa Kiswahili ingawa hakujua kusoma wala kuandika. Miaka ya baadaye Martin huyu akawa afisa wa serikali ya Uganda, akitawala bila kuweza kusoma barua zake mwenyewe.

Hapa wafanyabiashara mtamwelewa Thomson kuliko wasomi. Hakuwa na noti wala simu ya kutumia pesa. Fedha yake ilikuwa mizigo ya shanga, nyaya za chuma na za shaba, na nguo, na kila mahali palikuwa na hongo yake. Tena soko lilikuwa na masharti. Shanga ilibidi zitungwe upya kwa urefu ambao Wamaasai waliuzoea, la sivyo hazikupokelewa hata zingekuwa nzuri namna gani. Aliyewahi kurudishwa na mzigo kwa sababu debe la upande mmoja si debe la upande wa pili anajua uchungu huo.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Daktari Mjerumani, Fischer, alikuwa mbele yake na amekwisha kugombana na Wamaasai, kwa hiyo njia ilikuwa ya moto. Thomson alirudi Taveta, akashuka mbio hadi Mombasa kuongeza mali, akapanda tena. Safari hii aliungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Jumbe alizijua njia, visima, bei za vyakula na wazee wa kuzungumza nao. Vitabu vya Ulaya vinasema Thomson aliifungua njia ya Umaasai. Mimi nadhani aliiandika tu. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na watu wa Jumbe, ambao hawakuwa na haja ya kuitangaza kwa washindani.

Walipita Naivasha, Thomson akauona Mlima Kenya, wakafika Baringo. Kutoka hapo akakata magharibi na kundi dogo hadi kwa Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye baba yake, Shiundu, alikuwa amefariki karibuni. Baada ya nyika za njaa, nchi hiyo ilikuwa neema tupu, vyakula tele kwa shanga chache. Tarehe 10 Desemba 1883 akasimama ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Samia, si mbali na ilipo Busia ya leo. Vilima vya Samia vilikuwa na chuma, na wahunzi wake walikuwa wakifua majembe yaliyouzwa mbali, hata Busoga. Huo ndio uchimbaji wa madini uliokuwapo, nao ulikuwa mikononi mwa wenyeji.

Mto Nile unakotoka ziwani, pale Jinja, palikuwa mwendo wa siku chache tu mbele. Lakini homa ilikuwa imemkamata na bidhaa zilikuwa zinakwisha. Akageuka. Alisikitika, ila huenda kugeuka kulimwokoa. Miaka miwili baadaye Askofu Hannington aliifuata njia hiyo hiyo, akaingia Busoga, na Oktoba 1885 akauawa kwa chifu Luba, katika Mayuge ya leo, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengi wa wapagazi wake waliuawa pamoja naye.

Akielekea nyumbani, Thomson alizunguka kupitia Elgon, na hapo msoma mawe akaamka. Kusini mwa mlima alikuta mapango makubwa, watu wakiishi ndani pamoja na ng'ombe wao. Aliangalia kuta, akaona alama za kuchongwa, akaamua kwamba hiyo ni migodi ya taifa la kale, labda Wamisri, waliokuja kutafuta vito au madini ya thamani. Wenyeji hawakuwa na habari ya Wamisri wowote. Hakupata kito hata kimoja.

Jibu lilikuwa ukutani, nalo ni chumvi. Mwamba wa volkano wa mlima ule una chumvichumvi, na ndani ya mapango wafugaji waliichimba kwa ajili ya mifugo yao. Ndovu nao huingia gizani hadi leo, katika pango la Kitum upande wa Kenya, wakibomoa ukuta kwa pembe na kula. Alama alizoziona zilikuwa za kweli. Aliyekosekana ni Mmisri. Kwa Sultani alichoma jiwe kwanza, ndipo akasema. Kwenye Elgon alisema kabla ya kupima.

Ndiyo maana namkumbuka ninaposikia maongezi ya udongo wa Makuutu. Madini adimu hayang'ai kama dhahabu. Kiasi chake pale hakifiki kilo moja katika tani nzima ya udongo, na hutolewa kwa kuusafisha udongo na maji ya chumvi maalumu. Hakuna jicho, hata la Thomson, linaloweza kuyatambua ndani ya gunia. Ni maabara tu. Na Sheria ya Madini ya Uganda ya 2022 inamtaka kila anayenunua na kuuza madini awe na leseni. Anayekuletea gunia mpakani usiku hana vyote viwili.

Mkesha wa mwaka mpya wa 1884, karibu na Elgon, nyati aliyedhaniwa amekufa aliinuka akamrusha Thomson juu na kumchoma pajani. Halafu kuhara damu kukamlaza wiki nyingi, akarudishwa pwani kwa machela, akafika Mei 1884. Chama cha Jiografia kilimpa nishani ya dhahabu 1885. Katika safari hizi zote hakujipatia njia kwa kupiga watu risasi, jambo ambalo Stanley hakuweza kulisema.

Mawe yalimwita mara ya mwisho 1890. Kampuni ya Cecil Rhodes ilimtuma Katanga kutafuta mkataba na mfalme Msiri juu ya nchi ya shaba. Ndui iliingia katika msafara, na akageuka tena kabla ya kufika. Mwaka uliofuata watu wa Leopold wa Ubelgiji walifika, Msiri akauawa, na shaba ya Katanga ikaenda Kongo. Thomson hakupona vizuri tangu hapo. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Nchi alimogeukia haikuwa na mpaka aliopita. Kavirondo ikahesabiwa Uganda, kisha Aprili 1902 Waingereza wakausogeza mstari, na sehemu ile ikawa upande wa pili. Wasamia walibaki pande zote mbili, na bado wapo.