Cameron: Baharia aliyepima Ziwa Tanganyika kwa vyombo vya marehemu Livingstone

MWENYE boti wa Kasanga, wilayani Kalambo mkoani Rukwa, anayetafuta dira ya elektroniki ya kufunga katika chombo chake, hukabiliwa na swali lile lile lililomkabili ofisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza aliyepita katika mwambao huo mwaka 1874. Je, chombo hiki kinasema kweli?

Ofisa huyo alikuwa Verney Lovett Cameron, ambaye jina lake limefunikwa na yale ya David Livingstone na Henry Morton Stanley.

Cameron alizaliwa mwaka 1844 huko Dorset, kusini mwa Uingereza. Alijiunga na jeshi la majini mwaka 1857, akiwa bado mtoto. Baadaye alishiriki katika vita vya Uhabeshi vya mwaka 1868, kisha akatumikia katika doria za kuzuia biashara ya utumwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1873, Shirika la Kijiografia la Kifalme la London lilimtuma kumpelekea msaada Livingstone. Msafara wake uliondoka Bagamoyo mwezi Machi, ukiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwatumikia Burton, Speke na Stanley.

Bara halikuwapokea kwa upole. Mmoja wa wenzake, Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, alifariki kwa homa njiani. Cameron mwenyewe aliugua sana Unyanyembe, karibu na Tabora, hata macho yake yakapungua nuru.

Oktoba mwaka huo, akiwa bado huko, zilimfikia habari ambazo hakuzitarajia. Livingstone alikuwa amekwisha kufariki katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, na watumishi wake, Chuma na Susi, walikuwa wakiubeba mwili wake kuelekea pwani.

Cameron alishauri mwili huo uzikwe hapo hapo, lakini wao walikataa, wakaendelea na safari. Hata hivyo, alijitwalia sehemu kubwa ya vyombo vya kupimia vya marehemu, zikiwamo dira na sekstanti, kwa matumizi ya safari yake.

Jambo hilo lilisikitikiwa huko Uingereza, na kwa sababu ya msingi. Mwezi Januari 1867, mpagazi aliyebeba saa za kupimia longitudo za Livingstone alianguka, na mwendo wa saa hizo ukabadilika. Tangu hapo vipimo vyake vya longitudo vilipotoka kwa takriban maili 20 upande wa mashariki.

Baadhi ya waandishi wa maisha yake wanahusisha makosa ya namna hiyo na kupotea kwake katika mabwawa ya Bangweulu, ambako nguvu zilimwishia. Kwa hiyo, mwanguko wa mpagazi mmoja ulikuwa na gharama kubwa. Vyombo vyake vingalifika London, huenda vingalipimwa upya ili kasoro zake zijulikane.

Cameron alifika Ujiji Februari 1874. Msaada wa Livingstone haukuwa na maana tena, lakini hakutaka kurudi. Mwezi Machi aliingia majini kwa mashua mbili za mbao, akashuka kusini akiifuata pwani ya mashariki, akapita mwambao wa Ufipa, akazunguka ncha ya kusini na kupanda kwa upande wa magharibi.

Ziwa hilo lina urefu wa takriban kilometa 670, na milima huliinukia pande zote. Mabaharia wa Ujiji walizijua rasi na ghuba zake kuliko ramani yoyote ya wakati ule. Cameron aliongeza elimu ya baharia: kuzielekea rasi kwa dira, kisha kusahihisha kwa vipimo vya jua na nyota. Hakikutegemewa chombo kimoja peke yake.

Matunda yake yalikuwa makubwa. Alihesabu mito 96 inayoingia katika sehemu aliyoipima, na Mei 1874 aliufikia mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea magharibi.

Alipofika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, vipimo vya mwinuko vilimwonyesha kwamba mto huo ulikuwa chini kuliko Nile ya Gondokoro, na hivyo usingeweza kuwa Nile kama Livingstone alivyotumaini. Aliamini kuwa ni Kongo. Stanley alilithibitisha hilo mwaka 1877.

Hakupata mitumbwi ya kuteremka mto huo, akageukia kusini-magharibi. Novemba 1875 alitokea pwani ya Angola akiwa mgonjwa, akawa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kitropiki kutoka mashariki hadi magharibi. Alifariki Machi 1894 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi.

Sifa zake zina kivuli. Ramani za wapimaji kama yeye zilitangulia bendera za wakoloni, na Kasanga yenyewe ilikuja kuitwa Bismarckburg na Wajerumani.

Hata hivyo, somo la kazi yake linamfaa mwenye boti wa leo. Dira ya elektroniki hupima uga wa sumaku wa dunia kama ilivyofanya sindano ya Cameron, na hudanganywa na vitu vile vile: chuma cha bodi, injini, spika na nyaya za umeme. Mashua za Cameron zilikuwa za mbao. Mwenye boti ya chuma ana kazi zaidi.

Anapochagua, na atazame kwanza kama kihisi kinaweza kufungwa mbali na vitu hivyo, na kama kinakubali kusahihishwa kwa kuizungusha boti majini. Mwenye uwezo anaweza kununua dira ya setilaiti yenye antena mbili, isiyotegemea sumaku. GPS ya kawaida huonyesha boti ilipo na inakokwenda. Haionyeshi omo inakotazama boti inaposimama.

Na kila baada ya kufunga, alinganishe namba za kiooni na rasi anayoijua kwa macho. Livingstone hakukosa vyombo. Alikosa namna ya kujua ni kwa kiasi gani vimepotoka.